Chumvi, Maji na Ncha ya Waya wa Dishi: Majibu kwa Wasomaji wa Mtwara na Lindi

Barua za safari hii zimetoka zote kusini, kuanzia Mikindani hadi Kilwa, na ingawa mmoja analalamikia televisheni, mwingine redio ya mashua na mwingine kamera za duka, zote zinarudi kwenye kitu kisichozidi ukubwa wa kidole gumba: konekta, yaani kile kichuma kinachofungwa kwenye ncha ya waya wa dishi au wa antena. Nimezipanga kwa namna ambayo jibu la mbele linategemea la nyuma yake, kwa hiyo hata mwenye barua ya mwisho atafaidika akianza na ya kwanza.

*Mwanangu fundi, mimi ni bibi wa hapa Mikindani. King'amuzi changu kinaonyesha chaneli nusu tu, nyingine zinaandika kwamba hakuna mawimbi. Kijana amebadilisha kichwa cha dishi mara mbili, na kila mara chaneli zote hurudi kwa wiki chache kisha zilezile hupotea tena. Sasa anasema king'amuzi ndicho kibovu. Je, ninunue kingine?*
Bibi, Mikindani

Shikamoo, bibi. Usinunue king'amuzi bado, wala usikubali kubadilishiwa kichwa cha dishi mara ya tatu. Maelezo yako yenyewe yamekwisha kutaja mahali ugonjwa ulipo, na kinachonishangaza ni kwamba kijana wako hakuyasikia.

Waya unaoshuka kutoka kwenye ungo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Hushusha mawimbi, ambayo kile kichwa cha dishi, yaani LNB, kimekwisha kuyapunguza masafa hadi kati ya megahezi 950 na 2150 ili yaweze kupita ndani ya waya. Na papo hapo hupandisha umeme mdogo kutoka kwenye king'amuzi ili LNB hiyo ipate kufanya kazi. Umeme huo una viwango viwili: volti 13 huiambia LNB ipokee mawimbi yaliyosimama wima, na volti 18 huiambia ipokee yaliyolala, nazo chaneli mara nyingi huwa zimegawanywa katika makundi hayo mawili. Sasa konekta ikiota kutu ndani, umeme hupita kwa shida, na zile volti 18 zikifika juu zikiwa 14 tu, LNB hudhani imeagizwa volti 13, hivyo chaneli zote za kundi la pili hutoweka huku za kundi la kwanza zikiendelea kama kawaida. Ndiyo maana mtu akiniambia ana chaneli nusu, huwa natazama konekta zake kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Na kwa nini chaneli hurudi kila kichwa kinapobadilishwa? Kwa sababu kijana, ili aondoe kichwa cha zamani na kuweka kipya, hulazimika kufungua konekta na kuifunga tena, na kule kuichomoa na kuichomeka hukwangua ukoko wa kutu uliokuwa umezuia umeme. Kilichotibu ni ule mkwaruzo, si kichwa kipya. Vile vichwa viwili alivyoviondoa, kama bado unavyo, vitunze, maana huenda ni vizima.

Hapo Mikindani upepo wa kusi hubeba chumvi ya bahari miezi kadhaa ya mwaka, kisha mvua za kuanzia mwishoni mwa mwaka huilowesha chumvi hiyo na kuiingiza ndani ya konekta. Tone la maji ya chumvi likishakaa kati ya kiini cha waya, yaani ule uzi wa katikati, na nati ya konekta, ule umeme wa king'amuzi, ambao mwelekeo wake haubadiliki, huanza kuila shaba ya kiini kilicho upande wa chanya, usiku na mchana, kadiri king'amuzi kinavyowaka. Matokeo yake ni ule unga wa kijani ambao kijana wako bila shaka ameuona na kuupangusa kwa kidole.

Mwambie afanye hivi. Kwanza azime king'amuzi na kuchomoa plagi yake ukutani, kwa sababu kiini kikigusa nati wakati umeme umo, ving'amuzi vingine hujikinga lakini vingine huungua. Kisha afungue konekta ya juu na kuikata; asiipige msasa, asiipake grisi, asijaribu kuiokoa. Akate waya nyuma yake kiasi cha sentimita 15, achune ganda na kutazama ule wavu wa nyuzi nyembamba uliomo ndani. Ukiwa unang'aa, hapo ndipo pa kufungia konekta mpya. Ukiwa mweusi au wenye unyevu, aendelee kukata, kwa kuwa wavu hunyonya maji kama utambi wa kibatari unavyonyonya mafuta ya taa. Akifika zaidi ya nusu mita bado anakuta weusi, ni afadhali waya wote ubadilishwe.

Akishafunga mpya, waya usiingie kwenye LNB kutoka juu. Uache ushuke kwanza chini ya mdomo wa LNB kisha upande kuuingia, ili maji yanayotiririka juu ya waya yadondokee pale chini ya kitanzi badala ya kuingia kwenye konekta. Upande wa nyumba vilevile, kabla waya haujapenya ukutani. Halafu aifunge konekta kwa tepu ya mpira, ile inayojigandia yenyewe inapovutwa, na juu yake tepu nyeusi ya umeme kwa ajili ya jua. Kuizungusha aanze chini kwenda juu, kama makuti yanavyoezekwa kuanzia ukingo wa paa, ili kila mzunguko uulalie ulio chini yake. Tepu iliyozungushwa kutoka juu kwenda chini ina mifuko inayokinga maji na kuyahifadhi, na hapo ni bora kusingekuwa na tepu.

*Kaka mwandishi, mimi ni fundi ninayeanza hapa Newala. Natumia konekta za kuzungusha kwa mkono kwa sababu hazihitaji kifaa. Wenzangu wananicheka na kusema ninunue koleo la kubania. Je, kuna tofauti ya kweli au ni mbwembwe? Na ncha ya waya inachunwaje kwa usahihi?*
Fundi kijana, Newala

Tofauti ipo, ndugu yangu, na wenzako wana haki, ingawa kukucheka hakukuwa lazima. Konekta ya kuzungusha hushikilia ganda la waya kwa nyuzi za skurubu peke yake. Siku ya kwanza inafanya kazi vizuri, lakini waya unaochezeshwa na upepo juu ya bati huilegeza taratibu, na hakuna kitu chochote kinachozuia maji kupita nyuma yake. Ile ya kubana kwa koleo maalumu ina pete inayosukumwa ndani na kulikaba ganda pande zote kwa nguvu sawa, na zilizo nzuri zina kipande cha mpira cha kuzuia maji. Kwa kazi ya nje, mimi siwezi tena kumfungia mteja ya kuzungusha nikamtazama usoni. Ndani ya nyumba, kwa waya mfupi usioguswa, nitakusamehe.

Ili uelewe kwa nini kuchuna kunahitaji uangalifu, kumbuka jinsi konekta hii, inayoitwa F, ilivyoundwa. Aliyeibuni ni Eric E. Winston, mwanzoni mwa miaka ya 1950 huko Marekani, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Jerrold iliyotengeneza vifaa vya televisheni ya waya, na siri ya urahisi wake ni kwamba haina pini yake yenyewe: kiini cha waya ndicho pini. Kwa hiyo ukikikwaruza kiini, umeharibu konekta hata kama kichuma ni kipya kutoka dukani. Waya mwingi wa RG-6, yaani huu wa dishi, tunaouziwa una kiini cha chuma kilichopakwa shaba, chenye unene wa milimita 1 hivi. Si udanganyifu, maana mawimbi ya masafa haya husafiri kwenye ngozi ya juu kabisa ya kiini, hayaingii ndani, na shaba ile nyembamba inayatosha. Lakini kisu kikiivua shaba hiyo, kinachobaki ni chuma, nacho kwa hewa yetu hupata kutu mapema sana.

Basi, tumia kichunio chenye nyembe mbili kama unacho. Kama huna, kisu chenye makali kinatosha ukiwa na mkono mwepesi: kata duara kuzunguka ganda la nje bila kufika kwenye wavu, uliondoe kiasi cha milimita 13, ukunje wavu nyuma juu ya ganda, kisha ukate plastiki nyeupe ubakishe nusu ya urefu huo, na hapo usikisukume kisu hadi kwenye kiini bali uikate plastiki karibu yote kisha uivute kwa vidole. Ile karatasi ya alumini iliyogandamana na plastiki iache mahali pake. Sasa hesabu nyuzi za wavu moja moja kwa macho: ukibaki hata mmoja unaogusa kiini, umeunganisha chanya na hasi, na king'amuzi cha mteja ndicho kitakachokuambia.

Sukuma konekta mpaka plastiki nyeupe ionekane ndani, ikiwa sawasawa na sakafu ya konekta. Hicho ndicho kipimo ambacho mafundi wengi hawakiangalii, nami ningekataa kazi ya mwanafunzi wangu kwa kosa hilo pekee. Plastiki ikibaki nyuma, kiini kitakuwa kifupi na kitashika leo na kuachia kesho. Ikizidi mbele, nati haitakaa. Kiini kitokeze nje ya ukingo wa nati milimita 2 hivi, kisizidi 3, kwa kuwa kirefu mno huvunja au hupanua ulimi wa ndani ya tundu, na tundu lililopanuka halishiki tena kiini chochote.

Kukaza je? Anza kwa vidole mpaka mwisho, ukihakikisha nyuzi zimekaa sawa. Kwenye LNB ongeza robo ya mzunguko kwa spana ya 11, basi. Nyuma ya king'amuzi acha vidole vifanye kazi yote, maana tundu lile limelehemiwa kwenye bodi nyembamba, na plaizi inayolikaza ndiyo hiyohiyo inayoling'oa. Kabla hujapanda juu ya paa lolote, tazama nyaya za umeme wa nguzo ziko wapi, na wingu likinguruma kazi hiyo isubiri.

*Fundi, sisi huku Tandahimba msimu wa kupulizia salfa mikorosho hewa yote huwa ya njano. Je, vumbi la salfa linaweza kuharibu dishi?*
Mkulima wa korosho, Tandahimba

Ungo wenyewe haudhuriki; vumbi kavu juu yake halizuii mawimbi kwa kiwango cha kukusumbua. Konekta ndiyo ya kuiombea. Salfa na shaba hazipatani hata kidogo: shaba safi ikikaa na salfa hugeuka nyeusi bila hata kuchomwa moto, na ule weusi haupitishi umeme kama shaba inavyoupitisha. Dawa inayookoa mikorosho yako dhidi ya ubwiriunga, kwa hiyo, ni adui wa kiini cha waya wako. Fanya ukaguzi kabla ya msimu wa kupulizia, yaani kabla ya Juni, na si baada yake: hakikisha konekta zimebanwa na kufungwa tepu, na kama LNB yako ina midomo miwili na unatumia mmoja tu, huo mwingine usiachwe wazi. Uzibe kwa kifuniko chake cha mpira kilichokuja nacho dukani, ambacho mafundi wengi hukitupa siku ileile ya kufunga. Mimi huviokota na kuvitia mfukoni.

*Assalaam aleikum, fundi. Mimi ni nahodha wa mashua ya uvuvi hapa Kilwa Masoko. Waya wa antena ya redio ya VHF ulikatika, nikatumia waya wa dishi uliobaki nyumbani, kwa kuwa kwa macho unafanana. Tangu hapo wenzangu hunisikia nikiwa karibu tu, na siku nyingine hawanisikii kabisa. Tatizo ni waya au redio?*
Nahodha, Kilwa Masoko

Waaleikumu salaam, nahodha. Ni waya, lakini si kwa sababu wengi wanayoitaja. Watakuambia kwamba waya wa dishi ni wa omu 75 (omu ni kipimo cha ukinzani) na redio yako inataka omu 50, na ni kweli. Ila tofauti hiyo peke yake hurudisha nyuma takriban asilimia 4 tu ya nguvu ya redio, ambayo wenzako baharini wasingeitambua. Kinachokuangusha ni ncha.

Redio ya mashua hutumia konekta iitwayo PL-259, ile nene yenye pini ya kati na nati kubwa, nayo inatakiwa kulehemiwa kwa risasi sehemu mbili: kiini kwenye pini, na wavu kwenye mwili wa konekta kupitia vile vitundu vya ubavuni. Wavu wa waya wa dishi kwa kawaida ni wa alumini, na alumini haishiki risasi ya kawaida hata ukiichoma mpaka jioni. Kwa hiyo wavu wako, kama ninavyoona kwa mbali, umekunjwa tu na kugusana na mwili wa konekta, na kila mashua inapopigwa na wimbi unaachia na kushika, unaachia na kushika. Tena kiini chake ni kigumu cha waya mmoja, kwa hiyo mtikisiko wa injini utakivunja siku moja pale kwenye pini. Kwenye chombo cha baharini hutumika waya ambao kiini chake ni nyuzi nyingi zilizosokotwa, na bora kabisa ni za shaba iliyopakwa bati: RG-58 kwa umbali mfupi, na RG-213 yenye unene wa milimita 10 pale mlingoti unapokuwa mrefu. Ukinunua RG-58, kumbuka kununua na kile kipunguzo kinachoingia nyuma ya konekta, kwa sababu konekta imetengenezwa kwa waya mnene.

Anayelehemu atumie chuma cha kulehemu chenye joto la kutosha na amalize haraka. Chuma dhaifu kinachokaa muda mrefu ndicho kinachoyeyusha plastiki ya ndani, kiini kikahama na kugusa wavu bila mtu kuona. Akimaliza, pima kwa mita: kati ya pini na mwili wa konekta, waya ukiwa haujaunganishwa upande wowote, pasiwe na njia ya umeme hata kidogo.

PL-259 haizuii maji kwa ubunifu wake wowote, kwa hiyo ile tepu ya mpira niliyomweleza bibi wa Mikindani ni lazima kwako, tena kwa ukarimu. Kila unapofungua konekta iliyorushiwa maji ya bahari, ipanguse kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo ya chumvi, uikaushe kabisa, kisha uisafishe kwa spiriti kabla ya kuirudisha. Maji ya chumvi yakikauka peke yake huacha chumvi, nayo hunyonya unyevu wa hewa usiku ukaanza upya. Na tafadhali, wakati huu ambapo huna uhakika wa waya wako, usibonyeze kitufe cha kuongea katika nguvu kubwa ya wati 25. Rudisha redio kwenye wati 1, kwa kuwa nguvu isiyo na antena ya kutokea hurudi kuichoma redio yenyewe. Waya mpya ukishafungwa, jaribu na mwenzako aliye mbali kwenye chaneli mliyokubaliana, si chaneli 16, ambayo ni ya wito na dharura na lazima ibaki wazi.

*Nimefunga kamera nne dukani kwangu Masasi. Mbili zinakatika picha waya ukiguswa. Konekta zake ni zile za kusukuma na kuzungusha.*
Mwenye duka, Masasi

Hizo ni BNC, zilizopewa jina la mtindo wake wa kufunga na la wahandisi wawili wa Marekani, Paul Neill na Carl Concelman. Hufungwa kama balbu ya pini: sukuma, zungusha robo, isikike imeshika. Picha ikikatika kwa kuguswa, tatizo karibu siku zote liko nyuma ya konekta, ambako pini haikubanwa vizuri au skurubu ndogo zimelegea. Kata, fungia mpya ya kubana kwa koleo lake, kisha pigilia waya klipu ukutani sentimita chache kabla ya kamera, ili uzito wake usining'inie kwenye konekta. Unapochomoa, shika konekta yenyewe, usivute waya.

*Ndugu mwandishi, fundi aliyenifungia dishi hapa Lindi mjini alizungushia konekta silikoni nyingi ili maji yasiingie. Baada ya miezi sita chaneli zikaanza kukatika, na nilipobandua silikoni nilikuta kijani kitupu, ingawa mvua haikuwa imenyesha. Maji yameingiaje?*
Baba mwenye nyumba, Lindi

Pole, mzee wangu. Huenda maji hayakuingia kabisa. Je, silikoni ile ilipokuwa mbichi ilinuka siki? Silikoni nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi hutoa asidi ya siki zinapokauka, na asidi hiyo huishambulia shaba. Ikiwa imefunikwa pande zote haina pa kutokea, kwa hiyo huendelea kuila konekta humohumo ndani. Sina haki ya kumlaumu fundi wako kupita kiasi, kwa sababu nyumbani kwangu Shangani, Mtwara, niliwahi kuifanya kazi hiyohiyo kwa mikono yangu, tena kwa kujivuna, nikaja kuifungua mwenyewe mwaka uliofuata.

Kata konekta hiyo pamoja na sentimita 15 za waya, na usikubali silikoni iliyobaki kwenye mdomo wa LNB ikwanguliwe kwa bisibisi, maana itakwaruza nyuzi za skurubu. Inaviringika na kutoka kwa kidole gumba ukiwa na subira. Safisha mdomo huo kwa mswaki mkavu na spiriti, uache ukauke, utazame kama ule ulimi wa ndani bado una rangi ya metali. Ukiwa umegeuka kijani hadi ndani, LNB hiyo nayo imekwisha, na hapa kununua mpya ni haki. Kisha konekta ya kubana, tepu ya mpira kutoka chini kwenda juu, na tepu nyeusi juu yake. Ile silikoni iliyobaki kwenye chupa ipeleke bafuni kuzibia ukingo wa sinki. Huko ndiko kazi yake.